Faili la Ndoa Kutoka Kitengela: Harusi ya Kikatoliki Nje ya Nchi na Mipaka ya Mpangaji Wake

Harusi ya Kikatoliki inayofungwa nje ya nchi huandaliwa katika ofisi tatu ambazo kwa kawaida hazina mawasiliano: ofisi ya parokia ya nyumbani, ofisi ya serikali inayosajili ndoa, na ofisi ya mpangaji wa harusi, yaani mtaalamu anayelipwa ili atafute ukumbi, wapishi, wapambaji na wapiga picha, na kuratibu shughuli zote za siku hiyo. Kwa wakazi wa Kitengela na sehemu nyingine za Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, suala hili haliwahusu matajiri pekee wanaotamani kupigwa picha mbele ya makanisa ya Roma. Linamhusu pia mwuguzi aliyeajiriwa Uingereza, mhudumu wa hoteli aliyeko Dubai, mwanafunzi aliyepata mchumba Ujerumani, na mchumba aliyebaki nyumbani akisubiri kuitwa. Mtaalamu ana nafasi yake halali katika maandalizi hayo, lakini wachumba wengi humkabidhi mambo ambayo hana uwezo nayo, wakidhani kwamba aliyelipwa kupanga sherehe amepanga na ndoa yenyewe.

Msingi wa suala zima umo katika Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa uliotangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983. Kanuni ya 1115 inaeleza kwamba ndoa hufungwa katika parokia ambamo mmojawapo wa wachumba ana makao, au amekaa kwa muda wa mwezi mmoja, na kwamba inaweza kufungwa mahali pengine kwa ruhusa ya askofu au paroko wao. Maana yake ni kwamba Mkatoliki wa Kitengela anayetaka kufunga ndoa Zanzibar, Roma au Boston haanzi kwa kuliandikia kanisa la huko. Anaanza kwa paroko wake, ambaye ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba hakuna kinachozuia ndoa hiyo. Kitengela iko chini ya Jimbo Katoliki la Ngong, linalojumuisha kaunti za Kajiado na Narok, ambalo lilipata hadhi ya jimbo kamili mwaka 1976 likiongozwa na Askofu Colin Davies, mmisionari wa Shirika la Mill Hill. Kwa hiyo faili la ndoa, yaani bunda la vyeti na fomu zinazoonyesha kwamba wawili hao wako huru kuoana, hufunguliwa parokiani Kitengela na hupitia ofisi ya jimbo huko Ngong kabla ya kuvuka mpaka wowote.

Kabla hata ya kufika kwa paroko, mchumba hupitia jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, ambayo ni kundi la familia za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki kwa sala na kusaidiana, na ambayo maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao wa AMECEA waliifanya kuwa msingi wa kazi ya kichungaji katika miaka ya 1970. Viongozi wa jumuiya ndio wanaomfahamu mtu kwa karibu: kama anasali, kama ana mke au mume mwingine wa kimila, kama watoto wake wamebatizwa. Barua yao ina uzito ambao mpangaji wa harusi hawezi kuununua, na hapa ndipo wachumba walioishi miaka mingi katika nyumba za kupanga za Kitengela bila kuhudhuria jumuiya hugundua kwamba hakuna mtu wa kuwashuhudia. Baada ya barua hiyo hufuata mafundisho ya ndoa, mahojiano ya kila mchumba peke yake, na matangazo kanisani, ambayo ni utaratibu wa kusoma majina ya wachumba mbele ya waumini ili mwenye kujua kizuizi akitaje.

Ugumu mkubwa zaidi, na ambao ni wa Kitengela hasa, unahusu cheti cha ubatizo. Mji huu ulikua upesi kando ya barabara ya Namanga kutokana na ukaribu wake na Nairobi na viwanda vya Athi River, na watu wazima wengi wanaoishi humo walizaliwa na kubatizwa kwingine: Machakos, Murang'a, Kisii, Kakamega, Homa Bay. Cheti kinachotakiwa si kile cha zamani kilichohifadhiwa na mama katika sanduku, bali nakala mpya iliyotolewa na parokia ya ubatizo, kwa desturi ndani ya miezi 6 kabla ya harusi, ikiwa na maelezo ya pembeni kutoka katika daftari. Sababu ni kwamba daftari la ubatizo ndilo kumbukumbu kuu ya maisha ya Mkatoliki. Kipaimara huandikwa humo, na ndoa huandikwa humo pia, hivyo nakala mpya isiyo na maelezo ya ndoa ndiyo ushahidi kwamba mhusika hajawahi kufunga ndoa kanisani. Mchumba aliyeko Doha hawezi kuipata kwa simu moja. Yupo ndugu atakayelazimika kusafiri hadi parokia ya kijijini, pengine akakuta kwamba kigango alikobatizwa nduguye kimekuwa parokia mpya na madaftari yamebaki katika parokia ya zamani.

Tatizo la pili linatokana na majina. Mtu aliyebatizwa Yohana anaweza kuwa John katika kitambulisho. Binti aliyeandikwa kwa jina la babu yake katika daftari la kanisa anaweza kubeba jina la baba katika pasipoti. Na katika familia za Kimaasai jina la nyumbani, jina la shule na jina la ubatizo huweza kuwa matatu yasiyofanana. Nchini Kenya jambo hili humalizwa kwa maelezo, kwa sababu kila mtu analielewa. Ofisa wa manispaa ya Italia au wa Uingereza halielewi, na hana wajibu wa kulielewa, kwa hiyo tofauti hiyo hurekebishwa mapema kwa hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya kamishna wa viapo au, inapobidi, kwa hati ya kisheria ya kubadili jina. Mpangaji mwerevu huomba nakala ya pasipoti na ya cheti cha ubatizo siku ya kwanza na kuzilinganisha herufi kwa herufi, na mwandishi yeyote wa mikataba ya harusi angefanya vyema kuliweka jambo hilo mbele ya rangi za vitambaa.

Faili likikamilika, haliwekwi katika mkoba wa bibi harusi. Paroko huliwasilisha kwa ofisi ya jimbo, ambayo hulithibitisha kwa mhuri na tamko linaloitwa kwa Kilatini *nihil obstat*, yaani hakuna kinachozuia, kisha hulipeleka kwa ofisi ya jimbo la huko ndoa itakakofungwa, nayo hulikabidhi kwa kanisa husika. Mjini Roma ofisi hiyo ni Vikarieti ya Roma, inayosimamia jimbo la Papa kwa niaba yake, na kanisa la Roma halipokei karatasi za wageni ambazo hazikupita katika ofisi hizo. Iwapo mmoja wa wachumba si Mkatoliki, faili huongezewa ruhusa ya askofu ikiwa mwenzake ni Mkristo wa dhehebu jingine, au msamaha rasmi wa kizuizi ikiwa mwenzake hakubatizwa, kwa mfano Mwislamu. Na mhusika Mkatoliki huahidi kudumu katika imani yake na kufanya awezalo ili watoto wabatizwe. Ruhusa na msamaha huo hutolewa na jimbo, na hakuna hoteli wala wakala wa safari anayeweza kuuharakisha.

Sambamba na faili la Kanisa kuna karatasi ya serikali yenye jina linalofanana na tamko la *nihil obstat*, na kufanana huko kumewachanganya wengi. Cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa hutolewa na Msajili wa Ndoa, ambaye ofisi yake imo Sheria House, Nairobi, na maombi yake huwasilishwa kupitia mfumo wa eCitizen. Cheti hicho hueleza tu kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 mhusika ametimiza miaka 18 na hana ndoa nyingine inayomfunga. Hakisemi lolote kuhusu ubatizo wala mafundisho. Tamko la jimbo nalo halisemi lolote kwa serikali ya kigeni. Wachumba huhitaji karatasi zote mbili, na ile ya serikali mara nyingi huhitaji kuthibitishwa tena na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi wa nchi inayohusika, kisha kutafsiriwa na mfasiri aliyeidhinishwa.

Kutoka hapo kila nchi ina mlango wake. Nchini Italia, kutokana na mapatano kati ya serikali na Kanisa yaliyofanywa mwaka 1929 na kurekebishwa mwaka 1984, padre anayefungisha ndoa ya Kikatoliki anaweza kuifanya itambuliwe na dola papo hapo: huwasomea wachumba vifungu vya sheria ya kiraia kuhusu wajibu wa wanandoa, kisha hupeleka hati kwa manispaa ndani ya siku 5. Mgeni hutakiwa kuwa na hati ya ruhusa kutoka ubalozi wa nchi yake, inayothibitishwa na ofisi ya serikali kuu ya Italia iliyoko mkoani. Ufaransa na Ubelgiji hufuata njia tofauti kabisa, kwani huko ndoa ya kiraia lazima itangulie ile ya kanisani, na padre anayepuuza utaratibu huo huvunja sheria. Uingereza huwataka wachumba watoe taarifa katika ofisi ya usajili siku 28 kabla, muda ambao kwa wageni wengi unaweza kurefushwa hadi siku 70. Na Mkenya anayeenda huko kufunga ndoa na kurudi nyumbani huhitaji viza ya pekee ya mgeni wa ndoa, kwa kuwa viza ya kawaida ya matembezi haimruhusu. Hapa ndipo mpangaji wa nchi husika anapostahili ujira wake wote, kwa sababu anaijua foleni, anazungumza lugha ya ofisa, na anajua kwamba katikati ya Agosti nusu ya ofisi za Italia huwa likizoni.

Katika nchi za Ghuba, ambako vijana wengi wa Kenya hufanya kazi, Kanisa lina vikarieti mbili: ya Kusini mwa Arabuni, inayosimamia Umoja wa Falme za Kiarabu, Oman na Yemen, na ya Kaskazini, inayosimamia Bahrain, Kuwait, Qatar na Saudi Arabia. Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Dubai na Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo katika mtaa wa Ruwi, Muscat, ni parokia zenye waumini wa mataifa mengi. Saudi Arabia haina kanisa hata moja la hadharani, kwa hiyo Mkatoliki anayefanya kazi Riyadh hana budi kufunga ndoa katika nchi nyingine au kusubiri likizo ya kurudi nyumbani. Ikumbukwe pia kwamba Kanisa hutaka wachumba wawepo pamoja, wenyewe au kwa mwakilishi aliyeteuliwa kwa hati maalumu. Ndoa kwa njia ya video, ambayo huulizwa sana viza inapokataliwa, haipo katika sheria hiyo.

Nchi ya kigeni iliyo karibu zaidi na Kitengela ni Tanzania, ambayo hufikiwa kwa barabara ile ile ipitayo katikati ya mji hadi Namanga. Mkenya hahitaji viza kuingia, lugha ni yake, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hutaka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Wachumba wanaotamani bahari huvutwa zaidi na Zanzibar, ambako Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari wa Kifaransa katika miaka ya 1890, lingali linatumika katikati ya Mji Mkongwe. Tatizo ni kwamba hoteli za pwani huuza harusi ya ufukweni kama kifurushi kimoja pamoja na chumba, keki na msimamizi wa ndoa, na wachumba huamini kwamba padre ataongezwa tu katika orodha. Kanuni ya 1118 inataka ndoa ya Wakatoliki ifungwe katika kanisa la parokia, au kwa ruhusa katika kanisa jingine au kikanisa. Mahali pengine pasipo pa ibada hukubaliwa kwa idhini ya askofu wa mahali hapo, na maaskofu hawaitoi kwa sababu ya mandhari. Wakatoliki wawili wanaokula kiapo mchangani mbele ya msajili pekee huwa wamefunga ndoa ya kiraia, na mbele ya Kanisa bado ni wachumba.

Jambo jingine linalosahaulika ni mamlaka ya padre. Familia nyingi hutaka ndoa ifungishwe na padre wao, pengine mjomba au rafiki aliyewahi kuhudumu Kajiado, na kumlipia nauli ni heshima kubwa. Lakini padre hana uwezo wa kufungisha ndoa popote anapotua. Kanuni ya 1108 inataka ndoa ifungwe mbele ya askofu au paroko wa mahali, au padre au shemasi aliyekasimiwa mamlaka na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Bila kukasimiwa huko, Misa inaweza kuwa nzuri na nyimbo zikapendeza, na ndoa ikawa batili. Paroko wa huko hutoa ruhusa hiyo kwa maandishi baada ya kuona barua ya utambulisho ya mgeni, na katika nchi ambako padre hutenda pia kwa niaba ya serikali, kama katika majimbo ya Marekani, huangaliwa vilevile kama sheria ya jimbo hilo inamtambua. Mpangaji aliyezoea harusi za hotelini peke yake hatalijua jambo hili, na swali moja kuhusu hati ya padre mgeni hutosha kumpima.

Kwa hiyo msaada wa kitaalamu unafaa kununuliwa kwa macho wazi. Mkataba wa maandishi hutaja ni nani atakayefuatilia tafsiri na mihuri, nini kitatokea viza ikikataliwa, na kiasi gani cha malipo ya awali kitarudishwa. Nakala za pasipoti hukabidhiwa kwa mtu anayeeleza atazihifadhi vipi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mwenye taarifa haki ya kujua hilo. Fedha za kanisa hulipwa kwa kanisa moja kwa moja na risiti hutolewa. Sakramenti haiuzwi: kanuni ya 848 inamzuia mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka ya Kanisa, na ankara ya wakala yenye kipengele cha bei ya padre ni sababu tosha ya kutafuta wakala mwingine. Dalili nyingine mbaya ni ahadi ya tarehe kabla ya paroko kuithibitisha, hasa katika Kwaresima, kipindi ambacho parokia nyingi hazifungishi ndoa.

Njia moja hupunguza mzigo huu kwa kiasi kikubwa, nayo ni kufunga ndoa ya kiraia Kenya kwanza, kisha kwenda kanisani nje ya nchi kwa taratibu za Kanisa tu, zikiambatana na cheti cha ndoa ya kiraia. Maparoko huikubali kwa tahadhari, wakiwataka wahusika wasiishi kama mume na mke hadi siku ya kanisani, na wazazi wa pande zote mbili huuliza mahari imefikia wapi. Swali hilo la mahari halina ofisi yoyote ughaibuni. Wala kamati ya harusi, chombo chenye nguvu kuliko kamati nyingi za serikali za mitaa, haivunjwi kwa sababu harusi imehamishiwa Roma. Watu wa jumuiya, wakwe na majirani watakaokosa viza hutarajia Misa ya shukrani na karamu nyumbani, na bajeti inayosahau karamu hiyo huwa imepunguza nusu ya gharama katika karatasi tu.

Wapo pia wanaosafiri kinyume, yaani Wakenya wa Marekani, Ulaya na Australia wanaorudi Kitengela kufunga ndoa kwa sababu wazazi wamejenga huko. Kwao faili hutoka ughaibuni kuja Ngong: mafundisho hufanyika katika parokia wanakoishi, jimbo la huko huweka mhuri, na parokia ya Kitengela hupokea. Mpangaji wa Kitengela huwafaa sana, kwa kuwa anaweza kufuatilia ofisi ya parokia, mahema na wapishi wakati wao wako kazini upande wa pili wa dunia, ilimradi asiwawekee saini mahali panapohitaji saini yao.

Baada ya sherehe bado kuna kazi mbili ambazo hakuna mpangaji anayeziweka katika mkataba. Paroko wa mahali ndoa ilipofungwa hutakiwa kuijulisha parokia ya ubatizo ya kila mmoja ili ndoa iandikwe katika daftari, na barua kutoka Italia au Dubai kwenda parokia ya mashambani inaweza kupotea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo huitambua ndoa iliyofungwa kihalali nje na huruhusu isajiliwe Kenya. Wanandoa wanaorudi Kitengela wapeleke wenyewe nakala ya cheti chao katika parokia walizobatizwa, kisha waombe usajili kwa Msajili wa Ndoa kabla ya kuhitaji cheti hicho kwa mirathi, bima au viza ya mtoto.